Pera Bichi, Pera Bivu

Tarehe 3 Machi

Mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa fundi cherehani wako. Mimi mzima, cherehani nzima, na paa halivuji hata mvua inyeshe kwa hasira. Nyumba yetu imebaki kupakwa rangi tu. Hapo ndipo ninapokuhitaji, maana uliposema "jenga unavyojua" nilijenga ninavyojua, lakini ukuta tutautazama mimi na wewe mpaka tuzeeke, na sitaki nilaumiwe peke yangu.

Fundi rangi ni yule Koti, rafiki yangu anayevaa koti hata jua la saa sita. Ametoka kwenye zabuni ya kupaka majengo ya serikali, mashule na maofisi huko na huko, akabakiwa na makopo ya rangi mbili. Moja imeandikwa Pera Bichi na nyingine Pera Bivu. Pera Bichi ni kijani kinachotamani kuwa njano. Pera Bivu ni njano ambayo haijausahau ukijani wake. Ndani ya kopo zinakaribiana mno, mpaka Koti mwenyewe huchovya kidole kwanza. Dada yangu anasema moja ni sare ya shule na nyingine ni ugonjwa wa ini. Usimsikilize wifi yako, hajawahi kukipenda kitu kabla hajakitukana.

Nimepaka vipande viwili vya boksi nakutumia humu. Koti anasema usiamue kwa taa. Vibandike ukutani, uvitazame asubuhi, uvitazame tena jioni, ndipo useme ipi iwe ya sebuleni na ipi iwe ya chumbani kwetu.

Na lile jambo letu sijalisahau. Ulisema nyumba ikiisha utaomba uhamisho urudi. Zahanati ya hapa bado wanatafuta muuguzi. Nyumba ndiyo hiyo inaisha.

Mumeo akupendaye.


Tarehe 14 Machi

Mume wangu,

Barua nimeipata, na vipande nimevipata. Vyote vizuri. Paka utakavyoona.

Kazi ni kama kawaida. Wodini wagonjwa hawapungui. Mimi mzima.

Wasalimie wote.

Mkeo.


Tarehe 25 Machi

Mke wangu,

Barua yako niliimaliza kabla sijafikisha uzi kwenye tundu la sindano. Nikaigeuza nyuma nikidhani umeendelea huko. Kweupe.

"Vyote vizuri" ni jibu la mgeni aliyeulizwa chai au maji. Wewe si mgeni, mama. Nyumba hii nusu ya mabati yake ni mshahara wako.

Basi ngoja nikusaidie. Nimepaka mabaka mawili makubwa ukutani chumbani, moja kila upande wa dirisha, na kila nikipumzika kushona naenda kuyatazama. Asubuhi Pera Bichi inapendeza, inatulia, unaweza kukaa nayo bila kuongea. Jua likiwa utosini inapauka kidogo. Pera Bivu asubuhi haina maana yoyote, lakini jioni jua likiingia kwa ubavu inawaka, chumba kizima kinachangamka na hata mimi naonekana kijana. Koti anasema kijani ni cha kulalia na njano ni ya kupokelea wageni. Dada anasema njano huvuta nzi. Kila mtu ana neno isipokuwa mwenye nyumba.

Nakuuliza mara moja tu. Fumba macho. Jione umeamka chumbani kwetu. Ukuta una rangi gani?

Na kama hutaki nyumba, sema pia. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami siwezi kujua kilicho moyoni mwako kwa mistari mitatu. Nitaumia, ila nitajua ninashonea nani mapazia haya.

Mumeo.


Tarehe 6 Aprili

Mume wangu,

Usiumie. Nyumba naitaka. Nimechoka tu.

Nimefumba macho kama ulivyosema. Nilipoyafumbua nimekuandikia hivi. Chini iwe kijani, mpaka usawa wa bega. Juu iwe njano, mpaka darini. Katikati upite mstari mweusi wa upana wa vidole viwili, unyooke. Kijani kinaficha madoa na kinaoshwa kwa urahisi. Njano inaongeza mwanga. Sakafu ikiwa na mteremko kidogo kuelekea mlangoni maji yanatoka yenyewe.

Natumaini nimekusaidia.

Mkeo.


Tarehe 18 Aprili

Mke wangu kipenzi,

Kumbe ulikuwa unafikiria muda wote huo. Mimi nakulaumu na wewe umeshapima mpaka upana wa mstari. Nisamehe. Nilimsomea Koti barua yako, ile sehemu ya rangi tu, akacheka akasema, "Hii ndiyo tunayopaka huko serikalini, bwana, kwani mnalala au mnafungua ofisi?" Nikamwambia mke wangu ni mtu wa hospitali, anapenda usafi, na wewe paka ulichoambiwa.

Tumepaka. Chumba chetu chote, chini Pera Bichi, juu Pera Bivu. Mstari mweusi nimeupaka mwenyewe, Koti akishika uzi upande mmoja na mimi upande mwingine, kwa sababu kunyoosha mstari ndiyo kazi yangu. Nilipiga mluzi siku nzima. Dada alichungulia akaondoka bila kutukana, kwa hiyo ameipenda.

Suala la sakafu sikulielewa vizuri, na saruji ilikwisha kauka. Nimeona tuiache, kitanda kikiwa mteremkoni tutaamkia mlangoni.

Mapazia nashona ya kitambaa cheupe ili rangi zisigombane. Sijalala humo hata siku moja, nalala sebuleni kwenye mkeka. Nangoja tuingie pamoja. Umeshaomba uhamisho? Hukuniambia.

Mumeo mwenye rangi kwenye nywele.


Tarehe 27 Aprili

Wifi yangu,

Salamu. Kaka hajui kwamba nakuandikia, na ukimwambia tutakosana wewe na mimi.

Sina maneno mengi. Jirani yetu, yule mama mwenye duka la vifungo, alikwenda huko mwezi uliopita kumwuguza dada yake. Kwa kuwa ni mtu mwema akaenda wodi ya akina mama kukusalimia. Wakamwambia huyo muuguzi hayupo wodini humu tangu mwaka jana. Akauliza yuko wapi. Wakatazamana, wakarudi kwenye kazi zao. Akarudi akaniambia mimi, nami nimemnyamazisha kwa kununua vifungo nisivyovihitaji.

Sasa wifi. Kila barua unamwambia kaka wodini hivi, wodini vile. Wodi gani? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ikiwa una mtu huko, niambie mimi, mimi ni mwanamke kama wewe, nitajua namna ya kumkalisha chini kaka yangu. Lakini usimwache anakushonea mapazia huku wewe una dirisha jingine. Anachekesha, najua, ila akivunjika huyu hana wa kumshona.

Nangoja jibu, na liwe la kweli.

Wifi yako.


Tarehe 8 Mei

Wifi yangu,

Sina mtu. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Mwaka jana niliomba mwenyewe nitolewe wodini. Sasa niko chumba cha maiti. Nawapokea, nawaosha, nawavisha, nawakabidhi kwa ndugu zao. Hakuna aliyenilazimisha. Mkuu wangu aliuliza mara mbili kama nina akili timamu, nikamwambia ninazo.

Sababu ni hii. Wodini tulikuwa na wakati mbaya, wakawa wanakufa mfululizo, wazazi na watoto wao. Mwanzoni nililia. Baadaye nililia nikifika chumbani kwangu tu. Baadaye nikaacha. Siku moja mama mmoja aliyefiwa na binti alinikumbatia, akalia begani pangu mpaka nguo ikalowa, nami nikagundua kwamba kichwani nahesabu mashuka ya kufuliwa. Sikusikia chochote. Nilikuwa namshika mgonjwa mkono naona nimeshika kitasa. Niliogopa, wifi. Mgonjwa anatazama uso wako ajue kama atapona, na mimi sikuwa na uso wa kumpa. Wafu hawanitazami. Hawaniulizi kitu. Nikaona afadhali huko.

Kaka yako sikumwambia kwa sababu angeniuliza unajisikiaje, na jibu ni kwamba sijisikii. Utamwandikiaje mtu mwenye furaha zile jambo kama hilo? Nikaandika wodini, wodini. Ilikuwa rahisi.

Kuna na jingine, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Alinisihi nimwambie ninataka rangi gani. Nilijaribu, sikupata. Sikumbuki kupenda rangi. Nilikuwa nimekaa kazini, karatasi mapajani, nikainua macho nikamwandikia nilichokiona mbele yangu. Chini kijani, juu njano, mstari mweusi. Hata mteremko wa sakafu niliuandika, ule wa kutolea maji ya kuoshea. Sikufanya kwa ubaya. Sikufikiri kabisa. Yeye akapaka. Ameniandikia kwamba alipiga mluzi.

Sijui nimjibu nini. Akisema njoo tuhamie, nitalalaje mle? Na nikimwambia kweli, atalalaje yeye?

Nakuomba uiweke siri mpaka nipate namna.

Wifi yako.


Tarehe 16 Mei

Wifi,

Nimemwambia.

Siri nimejitahidi kuibeba tangu barua yako ifike, na unajua mdomo wangu ulivyo, hiyo pekee ni sadaka. Leo niliingia chumbani kwenu kufagia vumbi la Koti. Kaka akaja akasimama mlangoni na mapazia mabegani, akaniuliza, "Unadhani atafurahi?" Nikatazama ule mstari mweusi, nikamwona mtu amelazwa chini yake. Machozi yakanitoka. Akadhani umekufa, ikabidi niseme yote ili ajue hujafa.

Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa kwenye cherehani akashona mguu mzima wa suruali ya mteja, kanyaga kanyaga, kanyaga kanyaga. Nilipoitazama haikuwa na uzi.

Kuhusu mimi kudhani una mtu, nisamehe. Nilikuwa nimeshapanga na matusi ya kukutukana, sasa yamebaki hayana wa kumpa.

Wifi yako.


Tarehe 17 Mei

Mke wangu,

Dada ameniambia. Usimkasirikie, kaficha kadiri alivyoweza, jambo ambalo kwake ni ugonjwa.

Nakuja. Naondoka Jumanne kwa basi la asubuhi. Huenda nikaipita barua hii njiani. Siji kugombana wala kukurudisha kwa nguvu. Nataka tu nikae ulipokaa.

Mumeo.


Tarehe 17 Mei

Mume wangu,

Nimeomba likizo nimepewa wiki tatu. Naondoka Jumanne asubuhi. Kuna jambo nataka nikuambie kwa mdomo, halifai kwenye karatasi. Tafadhali usipake tena kitu chochote wala usihamishe kitanda mle ndani mpaka nifike.

Usiandae lolote.

Mkeo.


Tarehe 21 Mei

Mke wangu,

Basi ndiyo tumepishana. Pengine yale mabasi mawili yaliyopigiana honi pale darajani yalikuwa ni mimi na wewe. Nilikuwa nimesinzia, kama kawaida yangu, na wewe nadhani ulikuwa unatazama upande wa pili.

Nilifika langoni jana jioni na mfuko wa nguo na kitambaa cha gauni lako. Mlinzi alinielekeza nyuma, nipite dobi, nipite pipa la majivu. Yule mkubwa wako mnayemwita Taratibu alitoka akifuta mikono. Nikamwambia mimi ni nani. Akanitazama kwa huruma, kwa kuwa kila anayefika kwake ana msiba, akasema, "Ameondoka asubuhi, kaja kwako." Tukasimama pale kama watu waliosahau walichotaka kusemezana. Halafu akanipa ufunguo wa chumba chako nilale. Una kitanda, ndoo na msumari wa kutundikia nguo. Vile vipande vyangu vya boksi umevibandika ukutani, kimoja kila upande wa msumari. Nilikaa nikavitazama muda mrefu.

Leo asubuhi nilimwomba nione mahali unapokaa. Alisema watu hawaombi kuingia humu, huingizwa. Lakini akanifungulia. Kulikuwa na mzee mmoja amefunikwa, nikajikuta nimesema shikamoo. Taratibu hakucheka. Alisema, "Hata mkeo huwasalimia."

Ukuta niliujua kabla sijaukaribia. Pera Bichi mpaka begani. Pera Bivu mpaka juu. Mstari wenu umepinda kidogo upande wa kushoto, wetu umenyooka zaidi, na hilo lilinipa aibu badala ya sifa. Nilipaka chumba chetu cha kulala kiwe chumba cha maiti, kwa mikono yangu, nikipiga mluzi. Ilinibidi nikae. Nilikaa kwenye kiti chako.

Sikukasirika, mke wangu. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, haikuja. Kilichokuja ni kitu kingine, nami nitakwambia hata kama ni upuuzi. Taratibu alinihadithia unavyofanya kazi. Anasema unawachemshia maji. Alikwambia siku ya kwanza kwamba hawahisi, maji ya bomba yanatosha, ukamwambia wewe pia huhisi ila unajua maji ya baridi ni maji ya baridi. Anasema unaongea nao kazi nzima. Haya mama, tunageuka upande huu. Pole baba, mkono wako nimeushika. Mpenzi, nywele zako zimekaa vibaya, ngoja. Na mimi umeniandikia mistari mitatu.

Nimewaonea wivu maiti. Nimekuwa mume wa kwanza kuja mji wa watu kumtafuta mwenye kunipokonya mke, nikamkuta amelala chali hana habari na mimi.

Lakini nilipotulia nikaona hivi. Dada alinisomea barua yako, yote. Unasema moyo wako umekufa ganzi. Mtu mwenye moyo uliokufa hachemshi maji. Mimi si msomi, sijui ganzi ya moyo inatibiwaje, wala sitajifanya najua. Ila nimeona huongei nasi tulio hai kwa sababu sisi tunajibu, tunadai, tunauliza rangi. Nilikuuliza sana. Nilidhani ukichagua rangi utakuwa umerudi.

Mashuka yenu yamefumuka pindo. Nilimwomba Taratibu sindano, nikapinda matatu kabla ya saa ya chakula. Alikaa karibu nami akikunja niliyomaliza. Nimeelewa kidogo kwa nini unakaa humo. Kuna utulivu.

Sitauliza tena habari ya uhamisho. Rangi pia sitauliza. Nauliza jambo moja, nalo unijibu hata kwa mstari mmoja. Nimekata tiketi ya Jumamosi. Nikifika, nitakukuta, au nitakuta umeshaondoka? Ikiwa utaondoka, niambie sasa, nibaki nimekaa huku kituoni nikuone ukishuka hata kwa dakika moja.

Barua hii nampa dereva wa lori la saruji anayekuja huko leo mchana. Ameapa atamkabidhi dada mkononi.

Mumeo.


Tarehe 22 Mei

Mume wangu,

Dereva wa lori ameileta jana jioni, imejaa vumbi la saruji. Nimeisoma mara nyingi. Hii yangu naipeleka kwa kondakta wa basi la kesho asubuhi, akuletee kwa Taratibu kabla hujasafiri.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa kuwa umekaa kwenye kiti changu na ni haki yako.

Nilifika Jumanne magharibi. Wifi alifungua mlango akanitazama kama amemwona mtu aliyezikwa. Akasema, "Kaka kakufuata wewe." Nilicheka. Sikukusudia, kilitoka tu, na mashavu yakaniuma kwa kutozoea. Akanipa chakula nikala. Akaniuliza nataka kulala wapi, nikamwambia nionyeshe chumba.

Nataka sana kukwambia kwamba hapa, pamoja na dirisha na jua na mapazia yako meupe, imekuwa rangi nyingine. Ulisema Pera Bivu inawaka jioni. Nimeitazama asubuhi, nimeitazama jioni, kama Koti alivyoagiza. Inawaka kweli. Lakini ni ile ile. Nilipoingia nilikunja mikono ya gauni bila kufikiri, nikatafuta bomba kwa macho. Mstari wako umenyooka sana. Niliupitisha kidole mpaka pembeni, sikupata hata tone lililochuruzika.

Jana mchana wifi alikwenda sokoni. Nilikuwa na uchovu wa safari, nikajilaza kitandani nipumzike. Nilijilaza chali. Mikono nikaiweka ubavuni. Sikuwaza, ndivyo mwili wangu unavyojua watu wanavyolala chini ya ukuta ule. Nikafumba macho, nikakaa kimya kabisa, na kusema kweli palikuwa pazuri. Ningeweza kubaki.

Wifi aliporudi akaniita, sikujibu. Sijui kwa nini sikujibu. Akaingia, akaniona nilivyolala, kikapu kikamponyoka, nyanya zikabingirika hadi chini ya kitanda. Akanishika mabega akanitikisa kwa nguvu zake zote, na dada yako unamjua si mtu mdogo. Nikamwambia, "Niko hai, wifi. Niko hai."

Nilipojisikia nikisema hivyo, mume wangu, nililia. Nililia kwa sauti mbaya, ya mtoto. Nilimlilia yule mama aliyelowanisha nguo yangu nikamhesabia mashuka. Nilimlilia binti yake. Niliwalilia wengine ambao majina yao sikuwahi kuyajua kwa kuwa yalikuwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kidole cha mguu na sikutaka kuyasoma. Nikajililia na mimi. Wifi alikaa sakafuni, hakunibembeleza. Aliniacha muda mrefu, kisha akasema, "Lia, ila geuza foronya, nimeifua juzi." Nikaigeuza, nikaendelea.

Usidhani nimepona. Leo asubuhi nimeamka ganzi ipo palepale, nimeikuta inaningoja. Mgonjwa sijui kama nitaweza kumshika tena, na likizo ikiisha sijui nitafanya nini. Nikikwambia najua nitakuwa narudi kwenye yale ya wodini, wodini. Lakini nilipofungua macho nikauona ule ukuta, nilisikia hasira. Nimeitazama hasira hiyo vizuri, ni yangu kabisa. Sitaki kulala mle. Rangi ninayoipenda bado siijui, usiniulize, lakini ile siitaki, na ni muda mrefu sijajua jambo lolote kwa uhakika namna hiyo.

Kwa hiyo naukwangua. Nisamehe kwa jasho lako na la Koti. Nimechukua kisu kipana cha wifi cha jikoni, amenung'unika kisha akaenda kujitafutia cha pili. Tumeanzia nyuma ya mlango. Rangi haitoki kirahisi, mlipaka vizuri mno, nina malengelenge mawili na yote mawili yanauma.

Njoo Jumamosi. Tuko upande wa mlango sasa, lakini ukifika utanikuta karibu na dirisha.

Mkeo.